Waiteni vijana kabla swali halijaandikwa

Swali: "Shikamoo, Daktari. Mimi ni afisa utafiti katika taasisi ndogo hapa Morogoro. Tunaandaa utafiti wa namna ya kuzungumza na jamii kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mfadhili ametuandikia kwamba lazima tuwashirikishe vijana. Hojaji yetu iko tayari na mabango manne ya majaribio yameshachorwa. Tumepanga kuwaita vijana 20 hotelini kwa siku mbili wayapitie, tupige picha, tuandike ripoti. Mwenzangu anasema hiyo inatosha, ila mimi moyo unasita. Je, inatosha? Tuwalipe, au tukiwalipa tutaharibu utafiti? Na wazazi wao tunawaingizaje?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Moyo wako haujakudanganya. Haitoshi, na tatizo haliko kwenye idadi ya vijana wala siku mlizowapa. Mnawaita wakati hakuna tena kitu wanachoweza kukibadilisha. Hojaji imefungwa, mabango yamechorwa, bajeti imegawanywa. Kijana akisema swali la saba halieleweki, mtalisahihisha. Lakini akisema utafiti mzima unauliza jambo ambalo kwao wala si tatizo, mtamfanyaje? Mtamshukuru, mtampa soda na nauli, na kazi itaendelea kama ilivyopangwa.

Mwaka 1992 Roger Hart aliiandikia UNICEF kuhusu ushiriki wa watoto, akachora ngazi yenye vipago 8. Vipago vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: mtoto kutumiwa, mtoto kuwekwa kama pambo, na mtoto kuitwa ili tu ionekane ameitwa. Mpango wenu wa hotelini, kama ulivyonieleza, umesimama kwenye kipago cha tatu. Nakuambia hivyo bila kukulaumu, maana nami nimesimama hapo zaidi ya mara moja, na kilichonishusha nikaanza kupanda upya ni neno moja tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyojaribu mabango ya chanjo hii hii. Tulikaa na wasichana tisa wa darasa la saba, madawati yamesogezwa yakawa duara, bango limebandikwa ubaoni. Maandishi yalikuwa makubwa na sahihi kabisa: chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tukawauliza kama wanaelewa. Wanaelewa. Rangi zinapendeza? Zinapendeza. Tulikuwa tunakaribia kufunga daftari. Binti wa miaka 19 tuliyekuwa tumemchukua kwa kazi ya kuandika kumbukumbu tu, akauliza kwa sauti ya chini: "Nyie mkiwa wenyewe mnaiitaje?" Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Chanjo ya kizazi." Mwenzake akaongeza, kama mtu aliyekuwa akisubiri muda mrefu nafasi ya kuuliza: "Sasa inakichanja kizazi ili kifanye nini?"

Mezani tulikuwa watu wazima wanne, wote tumesoma, wote Waswahili, na hakuna aliyekuwa amelisikia hilo. Sisi kwa sisi tunasema HPV, kifupi cha Kiingereza cha jina la kirusi kinacholeta saratani hiyo, au tunataja jina lote refu kama lilivyo kwenye waraka. Mtoto shuleni hana muda wa jina la maneno saba. Analikata, na linapokatwa saratani inadondoka, kinabaki kizazi. Mama yeyote Tanzania anajua kufunga kizazi ni nini, na anajua kutolewa kizazi ni nini. Ukimwambia kesho binti yake anachanjwa chanjo ya kizazi, hahitaji mtu wa kumletea uvumi kwenye WhatsApp. Lugha imeshamletea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hojaji yetu ilikuwa na swali zuri kuhusu jambo hilo hilo: je, umewahi kusikia kwamba chanjo hii husababisha utasa? Tungehesabu waliosema ndiyo, tungechora jedwali, tungeandika kwamba uvumi umeenea. Tusingejua kamwe kwamba sehemu ya uvumi ule ilizaliwa kwenye bango letu wenyewe. Wasichana wale walipendekeza tuseme "chanjo ya kuzuia saratani", halafu mwalimu au muuguzi aeleze kwa mdomo ni saratani ya wapi na kwa nini wanachanjwa wangali wadogo. Hayo ndiyo matokeo makubwa kuliko yote tuliyopata, na yalikuja kwa swali ambalo halikuwemo kwenye karatasi, lililoulizwa na mtu ambaye hatukumwajiri kuuliza.

Sisemi uvumi wote unatoka kwenye jina. Mwaka 2014 nchini Kenya maaskofu wa Kanisa Katoliki waliipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda, wakidai ina kitu cha kuzuia mimba, na jina la chanjo ile halina kizazi wala uzazi ndani yake. Ila kampeni ililenga wanawake wa umri wa kuzaa, miaka 14 hadi 49, na swali lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa: kwa nini wanawake tu? Swali hilo hilo utalikuta kwenye utafiti wenu, safari hii likisema kwa nini wasichana tu. Jibu lipo. Kirusi kinawapata wanaume pia, na nchi nyingine huchanja wavulana, lakini saratani inayoua wengi ni hiyo ya wanawake, kwa hiyo wasichana wametangulizwa. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi kwa mwaka mmoja, na wanawake zaidi ya 6,000 walikufa. Ila jibu sahihi ni jambo moja, na jibu linalomtosheleza mvulana wa kidato cha kwanza anayemtania dada yake njiani ni jambo lingine. Hilo la pili utalipata kwake.

Kuna jambo ningependa vijana wako walisikie siku ya kwanza kabisa, maana linabadilisha namna wanavyokaa kwenye kiti. Chanjo hii ilipoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi uliowezesha badiliko hilo ilitoka Mwanza: wasichana 930 wa umri huo walishiriki katika jaribio la DoRIS, lililopima kama dozi moja inaweza kuujengea mwili kinga ya kutosha. Kenya nayo ilikuwa na jaribio lake la dozi moja kwa wanawake vijana. Aprili 2022 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani wakasema dozi moja inafaa. Kwa hiyo binti wa Kitanzania hakuwa mpokeaji tu wa sayansi hii. Ratiba ya dunia ilibadilika kwa damu iliyotolewa mkononi mwake. Na badiliko lenyewe limeleta swali jipya ambalo watu wazima hawaliulizi: "Dada alichanjwa mara mbili, mimi mara moja. Nani kati yetu amepunjwa?" Kama bango lako halilijibu hilo, watoto watalijibu wenyewe.

Sasa usichanganye kuwauliza na kuwashirikisha. Mwanza hiyo hiyo, kabla chanjo haijafika nchi nzima, watafiti walikaa na wahudumu wa afya, walimu, wazazi, viongozi wa dini na wanafunzi wa kike, wakawasikiliza kwa kirefu. Ilikuwa kazi nzuri na ilisaidia. Lakini katika kazi ya namna hiyo mwanafunzi ni mhojiwa: anajibu swali lililotungwa na mwingine, kisha anarudi darasani. Kushirikishwa maana yake amekaa pia upande wa wanaotunga swali. Kote kuwili anahitajika, ila mfadhili wako amekuomba hiki cha pili, na ninyi mnataka kumpa cha kwanza kilichovikwa fulana.

Ungeniuliza nianzie wapi, ningesema vunja mpango wa hotelini. Fedha zile za ukumbi na vyakula vya mchana zinatosha kulipia vijana wanane au kumi wakutane na timu yako mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, tangu sasa mpaka ripoti inatoka, kwenye chumba cha shule au ofisi ya kata. Kikao cha kwanza usiende na hojaji. Nenda na swali moja: nyumbani na mtaani kwenu, habari za chanjo zinaingiaje, na zikiingia zinafanywa nini? Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, nawe utatamani kuujaza. Vumilia.

Utakaowachagua ni muhimu kuliko idadi yao. Ukimwambia mwalimu mkuu akupe vijana, atakupa kiranja mkuu, mtoto wa mwenyekiti wa kijiji na yule binti anayeshinda mdahalo. Ukiyaambia mashirika, yatakupa vijana waliokwisha kaa semina ishirini, wanaojua mfadhili anapenda kusikia nini. Nawapenda vijana hao, wana kazi yao, lakini usijenge kundi lako juu yao peke yao. Chanjo hii hutolewa zaidi shuleni, kwa hiyo msichana ambaye yuko nje ya shule ndiye anayeachwa, na ndiye ambaye hutampata kwa mwalimu mkuu. Mtafute binti anayefanya kazi za ndani mjini. Mtafute anayeuza ndizi stendi ya Msamvu. Mtafute aliyeacha shule kwa mimba, na hakikisha mtoto wake ana mahali pa kushikwa wakati mama anazungumza. Mtafute binti asiyesikia, umlipie mkalimani wa lugha ya alama tangu kwenye bajeti, usije ukamwomba mdogo wake atafsiri. Na usiwasahau kaka zao. Kijana wa bodaboda anabeba wanawake kutwa nzima, anasikia mazungumzo ambayo hakuna hojaji itakayoyafikia, na akiwa na mdogo wa kike nyumbani neno lake lina uzito kuliko tunavyokubali.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi katika kazi hii, na naomba ulibebe vizuri. Utafiti na uhamasishaji ni shughuli mbili. Mimi naiamini chanjo hii, wajukuu zangu wa kike wamechanjwa, na dunia imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Lakini kijana anayekuja kwenye kundi lako na kusema "mimi sitaki" ni mtu unayemhitaji kuliko wote. Ukiwachagua wanaoikubali tu, utakusanya ushuhuda na kuuita matokeo. Na ukimwacha anayekataa akaona sura yako imebadilika, wengine wote wameiona pia. Kuanzia hapo kila kitu watakujibu "sawa", ili uridhike.

Majibu ya namna hiyo yalitugharimu mwaka mzima. Tulipoanza kuwapa vijana nafasi kwenye uchambuzi, tuliwapa kurasa za mahojiano yaliyoandikwa neno kwa neno, majina yote yameondolewa, tukawaomba wasome nasi. Kulikuwa na kauli iliyojirudia sana kwa wasichana walipoulizwa kama wangechanjwa: "Nitamuuliza mama kwanza." Sisi tulikuwa tumeshaiweka kwenye fungu la imani kwa wazazi, tukafurahi, tukaanza kuandika kwamba akina mama ndio mlango wa kupitia. Mabinti wawili waliokuwa wakisoma wakaanza kucheka. Mmoja akaweka kidole kwenye mstari: "Huyu amekataa." Tukamwambia hapana, amesema atamuuliza mama. Akatueleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba mtu mzima ukimwambia sitaki umekosa adabu, kwa hiyo unamtaja mama, na yeye anaridhika, na wewe unaondoka. Tukarudi kwenye kurasa zote. Mahali pengine mama alikuwa mama kweli, mtu wa kushauriana naye. Mahali pengine alikuwa ngao. Ungeyasoma mwenyewe usiku na taa yako usingeona tofauti. Wao waliitambua kwa kilichosemwa kabla na baada.

Ndiyo maana, kama bajeti yako inaruhusu hatua moja tu ya kuwashirikisha kwa kina, ningekushauri uchague uchambuzi. Wengi huwaweka vijana kwenye kukusanya taarifa, kwa kuwa ni rahisi na picha zake ni nzuri. Kijana kuhoji vijana wenzake kuna faida, lakini kuna hatari ambayo haisemwi: anayehojiwa anaishi mtaa mmoja na anayemhoji. Atamwambiaje kwamba alishaanza mapenzi, ilhali jioni watakutana bombani? Kama utawatumia kuhoji, wapangie mitaa ambayo si yao, na uwafundishe siri ni nini kwa mifano ya kweli, isiwe kwa kusaini karatasi tu.

Kuhusu hojaji yenyewe, ifungue. Bila shaka iliandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha ikafasiriwa, kwa sababu karibu zote ziko hivyo. Wape vijana waisome kwa sauti, na baada ya kila swali waseme kwa maneno yao linauliza nini. Utashangaa. Swali la kawaida kabisa, "Una imani na chanjo?", limewahi kujibiwa mbele yangu, "Imani yangu iko kwa Mungu," na aliyejibu hakuwa na ubishi wowote; alijibu alichoulizwa. Neno kusitasita nalo wengine walilielewa kuwa kuogopa sindano, wengine kuwa kukataa, wengine kuwa kuchelewa kwenda. Ukiyajumlisha hayo kwenye jedwali moja utapata namba safi isiyo na maana.

Wala usijaribu kuandika mabango kwa lugha ya mitaani ili uwafurahishe. Nimewaona vijana wakisoma bango la namna hiyo wakakunja uso. Waliniambia wanataka Kiswahili cha kawaida, kifupi, na waelezwe ukweli wote, pamoja na maumivu ya mkono na kwamba wapo wanaozirai. Hilo la kuzirai lipe uzito wake. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, wasichana wengi walianguka na kupelekwa hospitali baada ya chanjo ya HPV. Uchunguzi haukukuta kosa kwenye chanjo, lakini picha zilikuwa zimeshasambaa na uchanjaji nchini humo ukaporomoka. Ukiwauliza wasichana wetu kinachowatisha siku ya chanjo, wengi hawatataja utasa. Watataja foleni: kusimama juani hujanywa chai, ukimwona mwenzako aliye mbele anavyoingia na anavyotoka. Hayo ni mawasiliano ya chanjo pia, na dawa yake ni benchi, kivuli na mlango mwingine wa kutokea.

Sasa malipo. Walipe. Wewe unalipwa, dereva analipwa, anayepiga picha analipwa, na kijana analeta ujuzi ambao hamna. Nauli na chakula ni haki yake kwanza, havihesabiwi kuwa malipo. Juu ya hapo kuna posho ya muda wake. Tenganisha makundi mawili: anayehojiwa mara moja anarudishiwa nauli na kupewa kitu kidogo cha shukrani, kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya ashindwe kusema hapana, anayekaa kwenye kundi la utafiti kwa miezi analipwa kama msaidizi wa kazi, kiwango kimoja kwa wote, kimeandikwa, na kamati ya maadili ya utafiti imekiona. Kwa walio shuleni panga vikao Jumamosi au baada ya masomo, na msimamo huo usiubadilishe kwa sababu ya ratiba ya mgeni kutoka makao makuu. Kuna jambo dogo linalovuruga mipango mingi: vijana walio chini ya miaka 18 wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mzazi. Fedha ukizituma kwa simu zinamfikia baba, na ujumbe wa maandishi anausoma mama. Jueni hilo kabla hamjamtumia binti swali kuhusu mwili wake. Na majina yao yaandikwe kwenye ripoti, kwa wale wanaotaka na ambao wazazi wao wameridhia, mahali ambapo majina ya watafiti huandikwa.

Wazazi waingize mapema na kwa heshima. Kwa aliye chini ya miaka 18 unahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi, na ridhaa ya mtoto mwenyewe. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, basi mtoto amekataa, msimbembeleze. Fomu yenu ianze na sentensi hii, kabla hata ya jina la taasisi: hakuna sindano wala dawa katika utafiti huu. Nimeona fomu za mazungumzo tu zikirudi bila saini kwa sababu mzazi alidhani anasaini binti yake achanjwe. Itisheni kikao cha wazazi jioni, wakishatoka shamba au sokoni, aje na muuguzi wa zahanati wanayemjua, na mwacheni shehe na mchungaji waulize maswali yao mbele ya watu. Siku ya mazungumzo na vijana, mwalimu asikae chumbani, hata akiwa mwema kiasi gani. Akikaa pembeni anasahihisha madaftari, majibu yote yatakuwa ya darasani.

Mkizungumza chanjo hii mnazungumza mapenzi, hata kama hojaji haitaji. Kuna siku binti atasema jambo ambalo halihusu chanjo: jambo analofanyiwa nyumbani. Kabla ya kikao cha kwanza uwe unamjua kwa jina afisa ustawi wa jamii wa kata husika, uwe na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na kila mtu kwenye timu ajue nani anafanya nini dakika hiyo. Waelezeni vijana tangu mwanzo kwamba siri itatunzwa isipokuwa pale mtoto anapokuwa hatarini. Na muuguzi awe karibu mwishoni mwa kila kikao. Ukiwaacha na uvumi kumi waliousoma pamoja nawe bila mtu wa kuujibu, umewarudisha nyumbani na mzigo usio wao.

Najua utaniambia kamati ya maadili inataka hojaji iliyokamilika, sasa utawaitaje vijana kabla haijakamilika? Hiyo hoja ni ya kweli na imewarudisha wengi hotelini. Njia ninayoitumia ni kuandika kazi kwa awamu mbili kwenye andiko lile lile. Awamu ya kwanza ni vikao vya kutunga maswali pamoja na vijana, na unaeleza vitakavyoendeshwa na namna watakavyolindwa. Hojaji iliyotokana na vikao hivyo unaipeleka kama marekebisho kabla ya awamu ya pili. Kwa Tanzania Bara kibali hutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mkivuka kwenda Zanzibar kuna kamati yao huko, usidhani kibali kimoja kinatosha. Inaongeza wiki kadhaa. Ziweke kwenye ratiba wazi, mfadhili aliyedai ushirikishwaji azione.

Ukitaka kumwonyesha kwamba sauti ya kijana ina uzito, mwambie habari ya Laura Brennan wa Ireland. Hofu iliyosambazwa kuhusu chanjo ilikuwa imeshusha uchanjaji wa wasichana nchini kwake kutoka juu ya 80 katika kila 100 hadi karibu nusu. Yeye alikuwa na saratani hiyo, imeshamwenea, akawatafuta mwenyewe watu wa huduma ya afya mwaka 2017 ili awasaidie. Alizungumza na wazazi kwa maneno yake, na kabla hajafa Machi 2019, akiwa na miaka 26, uchanjaji ulikuwa umepanda tena hadi karibu 70. Yeye hakuwa mtafiti, na kupanda huko hakukuletwa na mtu mmoja. Ila angalia mlango aliopitia: yeye ndiye aliyewatafuta, na kukawa na mtu wa kumpokea.

Mabango manne usiyatupe. Yapeleke kwenye kikao cha tatu au cha nne, kalamu nene mkononi mwa kila kijana, na ruhusa ya kufuta. Kabla hujalipeleka andiko kwenye kamati, nitumie nilisome, na ukurasa wa bajeti uutangulize. Nitaangalia kama posho ya vijana ina mstari wake, au imefichwa ndani ya chai na vitafunwa.